Waya wa Kuteleza Uani: Yanayopasa Kujulikana Kabla ya Mtoto Kupanda

Miongoni mwa mizigo inayotumwa na akina baba na wajomba walioko kazini Dubai, Maskati na Jeddah, pamoja na udi, mitandio na maziwa ya unga, huweza kumo siku hizi sanduku ambalo mtu mmoja halinyanyui kwa urahisi. Ndani yake mna waya wa chuma uliozongwa duara, kapi lenye magurudumu mawili, kiti cha mviringo mfano wa sahani ya mbao, mikanda, springi ya kuzuia kasi, na kijitabu chenye picha ndogo ndogo na vipimo vya futi na inchi. Watoto huwa wamekwisha kujua ni kitu gani kabla sanduku halijafunguliwa. Wameuona mchezo huo kwenye simu: mtoto anakaa kitini, anajisukuma kutoka kwenye mti mmoja, anateleza juu ya waya mpaka mti wa pili, na nywele zinapepea.

Mchezo huu Wazungu huuita ziplaini. Sisi tutauita waya wa kuteleza, maana ndivyo ulivyo. Ulipata umaarufu baada ya wataalamu wa viumbe, katika miaka ya 1970, kutumia kamba na nyaya kufikia vilele vya miti katika misitu ya Costa Rica ili wachunguze wanyama na mimea ya juu kabisa. Baadaye watalii waliifuata njia ileile kwa ajili ya furaha tu. Hapa kwetu Kenya, walio na uwezo husafiri hadi msitu wa Kereita, katika miteremko ya Nyandarua, wakapitishwa juu ya miti na wafanyakazi waliofunzwa kazi hiyo. Watu wa Pwani hawana haja ya kushangazwa na chombo chenyewe. Kila aliyeona tanga la jahazi likipandishwa ameona roda ikizunguka na kamba ikipita, na ameona uzito mkubwa ukiinuliwa kwa mikono miwili. Tofauti ni kwamba katika jahazi gurudumu limesimama na kamba ndiyo inayokwenda, na katika mchezo huu waya umesimama na gurudumu ndilo linalokwenda, likiwa limembeba mtoto.

Makala haya hayakuandikwa kuuharamisha mchezo huo, wala kuusifu kwa kila nyumba. Mwandishi anaona una kheri nyingi, na kheri yake kubwa ni kwa mabinti. Mtoto wa kiume wa miaka kumi na miwili ana ufuo, ana uwanja wa mpira, ana gati la kujitosa majini. Dada yake aliyevunja ungo amekwisha kuambiwa kwamba mbio za uchochoroni zimekwisha, na bembea za Idi za uwanja wa Makadara ataziona kwa mbali huku ameshika mkono wa mdogo wake. Binti huyo bado ana miguu inayotaka kukimbia. Ua wenye ukuta na mti imara unaweza kumrudishia sehemu ya kile alichopokonywa na umri, tena ndani ya sitara ya nyumba yake mwenyewe. Hilo si jambo dogo, na ndiyo sababu tunasema kazi hii ifanywe vizuri au isifanywe kabisa.

Kwa maana hatari zake ni za kweli. Nchini Marekani, wachunguzi walipokusanya habari za hospitali kati ya mwaka 1997 na 2012, walikadiria kwamba watu wapatao 16,850 walitibiwa katika vyumba vya dharura kwa majeraha ya michezo ya waya wa namna hii. Asilimia 77 ya majeraha hayo yalitokana na kuanguka, na asilimia 13 na kugonga kitu, aghalabu mti au nguzo ya mwisho. Karibu nusu ya walioumia walivunjika mifupa. Watoto walio chini ya miaka 10 walikuwa asilimia 45 ya wote. Mama anayesoma takwimu hizi na azilinganishe na ua wake: mti wake, ukuta wake, na wanawe wenyewe.

Uzito usioonekana

Kosa linalowapata mafundi wengi, hata wenye mikono hodari, ni kudhani kwamba mtoto wa kilo 40 huuvuta waya kwa nguvu ya kilo 40. Hasha. Waya uliotandazwa kutoka mti hadi mti huvutwa kwa nguvu iliyo kubwa mara nyingi kuliko uzito unaoning'inia juu yake, na kadiri waya unavyonyooka ndivyo nguvu hiyo inavyozidi.

Wanawake wanalijua jambo hili bila kwenda shule ya uhandisi. Chukueni kapu la nazi, mlipitishe katikati ya kanga iliyosokotwa, kisha mmoja ashike ncha hii na mwenzake ncha ile. Kanga ikiachwa ishuke chini sana katikati, mtakwenda na kapu hilo hata sokoni. Jaribuni kuivuta mpaka inyooke kama rula: mikono itatetemeka, na kapu bado litakuwa limebonyea. Kamba ya kuanikia nguo nayo ni vilevile. Ile iliyokazwa sana ndiyo inayokatika siku ya kufua mablanketi.

Hesabu yake ni nyepesi. Mtoto anapokuwa katikati, zidisha uzito wake kwa urefu wa waya, kisha gawanya kwa mara nne ya kiasi ambacho waya umeshuka pale alipo. Tuchukue waya wa mita 25 na mtoto wa kilo 40. Waya ukishuka mita moja, miti yote miwili huvutwa kwa nguvu ya kilo 250. Ukishuka nusu mita, nguvu hiyo inakuwa kilo 500. Na fundi akijitia ushujaa akaukaza mpaka ushuke sentimita 10 tu, hesabu inafika kilo 2,500, ilhali waya mzuri wa unene unaokaribia milimita 5, ambao ndio hupatikana katika masanduku mengi, hukatika kwenye kilo 1,900 hivi. Wala hapo hatujatia mruko wa mtoto anayejitupa kitini, ambao peke yake waweza kuongeza mzigo hata maradufu.

Wanaofanya kazi ya kunyanyua mizigo wana desturi ya kutoupa waya zaidi ya sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Kwa waya tuliotaja, sehemu hiyo ni kilo 380. Kwa hivyo katika mita 25, mtoto wa kilo 40 akiwa katikati, waya sharti ushuke karibu sentimita 70, na kaka yake wa kilo 60 akipanda, ushuke mita moja. Baba akija akasema, “Mbona waya umelegea hivi?”, aambiwe kwa adabu kwamba ulegevu huo ndio unaowalinda wanawe.

Mti, nguzo na ukuta

Kijitabu cha sandukuni huandikwa kwa ajili ya watu wenye mialoni na misonobari. Hakisemi neno juu ya mnazi. Sasa, katika viambo vingi vya Kilifi, Kwale na Mtwapa, mti unaosimama sawasawa mahali panapotakiwa ni mnazi, nao ndio unaovutia jicho la fundi kwa unyofu wake. Auache. Mnazi hauna namna ya kuziba jeraha kama miti mingine. Tundu lililotobolewa kwa keekee litabaki tundu milele, na maji yataingia na kuozesha moyo wake. Shina lake huyumba. Na juu kabisa kuna nazi zenye uzito wa kilo moja na zaidi pamoja na makuti makavu, ambayo kila mtikiso wa waya ni kama mkono unaoyapukusa. Kumweka mtoto chini ya mnazi na kuutikisa mti mara mia kwa siku ni jambo ambalo akili hailikubali.

Mkwaju ni habari nyingine. Mizizi yake hushika sana, mbao zake ni ngumu, na husimama katika pepo ambazo huiangusha miti mirefu kuliko wenyewe. Ua wenye mikwaju miwili ni ua wenye bahati. Mwembe mkubwa nao hufaa ikiwa ni mzima, lakini wazee wake wengi wana mashimo ndani huku nje wamejaa majani na maembe. Upigwe kwa nyundo kuzunguka shina lote na usikilizwe: mahali palipo tupu hutoa sauti ya ngoma. Uyoga kwenye mashina, njia za mchwa, ufa unaotoa utomvu, au udongo ulioinuka upande mmoja wa mizizi, kila kimoja kati ya hivyo chatosha kuukataa mti. Mbuyu, licha ya unene wake, ni mti laini uliojaa maji na nyuzi, haushiki bolti kama miti ya mbao ngumu. Maneno ya wenyewe wanaokaa ndani yake hatuyajadili hapa. Mpapai hauhitaji kutajwa.

Kipimo cha unene ni sentimita 30 kwenda ng'ambo ya pili, mahali pale waya utakapofungwa. Kwa futi ya fundi cherehani, zungusha shina: likipungua sentimita 94 kwa mzunguko, ni jembamba.

Kuna wanaouzungusha waya moja kwa moja shinani na kuukaza. Chakula cha mti kinachotoka majanini hushuka kupitia tabaka jembamba lililo chini tu ya ganda, na waya unaobana pande zote huikata njia hiyo kama mshipi unavyokata damu ya mkono. Mti hautakufa wiki hiyo. Utadhoofika polepole, na utaendelea kuonekana imara huku watoto wanaruka. Vipande vya mbao viwekwe baina ya waya na shina ili waya usiguse ganda, navyo vilegezwe na kuhamishwa kila mwaka mti unaponenepa. Bolti nene yenye kichwa cha pete, iliyopita katikati ya shina hadi ng'ambo, inaonekana kuwa ni ukatili lakini huudhuru mti kidogo kuliko kitanzi kinachokaba.

Ukuta je? Hapa mwandishi hana upole. Waya usifungwe kwenye ukuta wa ua, uwe wa mawe ya matumbawe au wa matofali ya saruji, wala kwenye nguzo ya lango, wala kwenye nguzo ya baraza. Ukuta hujengwa kubeba uzito unaoshuka chini, haukujengwa kuvutwa na kilo 500 kwa ubavu. Huko Marekani watoto wamekufa kwa kuangukiwa na nguzo za matofali zilizofungiwa machela tu za kulalia, ambazo mvuto wake ni mdogo kuliko wa waya huu. Iwapo mti ni mmoja, nguzo ya pili isimikwe na mtu anayejua kazi, iwekewe nyaya za kuishikilia kwa nyuma mfano wa mlingoti wa jahazi, na ardhi ya kichanga ya kwetu itiliwe maanani, kwani mchanga haukamati nguzo kama udongo mwekundu wa bara.

Urefu wa uwanja na kasi ya mtoto

Kiwanja cha futi hamsini kwa mia, ambacho ndicho cha wengi, ni mita 15 kwa 30 hivi. Toa nyumba, toa choo cha nje na tangi la maji, na mama atabaki na mita 12, pengine 15. Sanduku likija na waya wa mita 30, wengine hufanya hila ya kuupitisha pembeni mwa nyumba ili usipotee bure. Waya hauharibiki kwa kuwa mfupi. Mita 12 zinamtosha mtoto wa miaka sita, na huenda akapiga makelele kuliko yule wa mita 30.

Mwinamo unaopendekezwa na watengenezaji wengi ni baina ya asilimia 3 na 6, yaani katika mita 25, mwisho uwe chini ya mwanzo kwa sentimita 75 hadi mita moja na nusu. Mtoto aliyeshuka kimo cha mita moja na robo bila ya kitu cha kumpunguza huwa na kasi ya kilomita 18 kwa saa, na kugonga mti kwa kasi hiyo ni sawasawa na kuanguka kutoka kimo hichohicho. Ulegevu wa waya husaidia hapa pia, kwa sababu baada ya kupita mahali pa chini kabisa mtoto huanza kupanda tena na kasi hupungua yenyewe. Pamoja na hayo, breki iwepo: springi ndefu iliyovishwa kwenye waya mbele ya mti wa mwisho, au mpira wa kuvutika ulionyooshwa kumpokea. Tairi kuukuu lililofungwa shinani ni nyongeza nzuri, lakini lisihesabiwe kuwa breki.

Chini ya njia yote, na mita mbili kila upande, pasiwe na jiwe, kisiki, mbuzi wa kukunia nazi wala ngazi. Tunao mchanga, na mchanga ni neema. Tabaka la sentimita 23 hivi la mchanga usioshindiliwa hupunguza madhara ya anguko la kimo cha mita 1.2. Ukikanyagwa muda mrefu huwa mgumu kama sakafu, kwa hiyo ufukuliwe kwa jembe kila baada ya siku chache, hasa pale pa kupandia na pa kushukia. Urefu wa waya wenyewe uangaliwe pia: usikate popote kwa kimo cha shingo ya mtu anayepita, hata mahali pa mwisho uani ambapo hakuna anayecheza. Mfanyakazi aliyebeba ndoo asubuhi na mapema hauoni waya mwembamba.

Vifungo, na chumvi ya bahari

Waya haufungwi fundo. Hukunjwa kuwa kitanzi, na ncha yake ikashikwa na klampu zenye umbo la U. Kila klampu ina pande mbili: ule upinde wa U, ambao huuma waya, na kitako chenye meno, ambacho hulaza waya bila kuujeruhi. Kitako kikae juu ya waya mrefu unaobeba mzigo. Upinde ukae juu ya ncha fupi iliyokunjwa. Ukigeuza, upinde huuponda waya unaobeba mtoto, na nguvu zake hupungua sana bila ya dalili yoyote kwa nje. Ziwe klampu tatu, zote zikielekea upande mmoja. Baada ya siku ya kwanza ya mchezo spana irudishwe tena, kwa kuwa waya ukishavutwa huwa mwembamba kidogo na karanga za bolti hulegea.

Kazi hii tusimpe kila mwenye koleo. Kijana hodari wa kufunga dishi la televisheni si lazima awe anajua nyaya za mzigo. Afadhali mzee aliyewahi kufanya kazi ya winchi bandarini, au fundi wa majahazi, ambaye kamba na roda zimemlea.

Kisha kuna adui wa Pwani ambaye kijitabu hakimtaji: hewa ya chumvi. Waya wa kawaida hupakwa zinki ili usishike kutu, na katika nchi kavu hudumu miaka. Penye umbali wa kusikia mawimbi, zinki hiyo huliwa upesi, na kutu huanza ndani, baina ya nyuzi, mahali jicho halifiki. Waya wa chuma kisichoshika kutu wa daraja la 316, ule unaotumiwa vyomboni, hustahimili zaidi kuliko wa daraja la 304. Ni ghali. Asiyeuweza na autumie wa zinki kwa sharti la kuukagua kila wiki: mtu apitishe kitambaa cha pamba juu ya waya kutoka mwanzo hadi mwisho, asitumie mkono mtupu. Kitambaa kikinaswa, pana uzi uliokatika na kuchomoza kama mwiba, na waya huo umekwisha kazi yake. Haupakwi rangi, hauungwi, hautengenezwi.

Kabla ya mtoto yeyote, gunia lipande. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unaujua kila mtu. Mifuko miwili iliyojazwa mchanga, ikiwa kijitabu kinaruhusu uzito huo, ifungwe kitini na iachiwe mara kumi. Baada yake fundi aangalie vifungo, aangalie mti, aangalie udongo wa mizizi kama umepasuka. Ndipo wadogo waanze, na wakubwa wafuate. (Wapo akina mama watakaosubiri wanaume watoke waende msikitini ndipo wajaribu wenyewe. Kikomo cha uzito kimeandikwa kwenye kiti, wakisome kwanza.)

Ukuta wa jirani

Tulisema ua ni sitara. Lakini mtoto anayepanda jukwaa la mita mbili hayuko tena nyuma ya ukuta wa futi sita; yuko juu yake, na jicho lake limo katika ua wa jirani, ambako mama mwingine anasuka nywele au anaoga mtoto, akidhani hana anayemwona. Nyumba za Kiswahili zilijengwa kwa hesabu hiyo hasa, madaka, vizingiti na ua wa ndani, ili mtu asitazamwe bila kupenda. Jukwaa likiharibu mpango huo, haki ya jirani imevunjwa hata kama aliyechungulia ana miaka saba. Lijengwe kwenye upande usioelekea kwake, au liwekewe pazia la makuti, au mteremko uanzie chini kwa ngazi mbili tu na waya uwe mfupi zaidi. Na mama aende mwenyewe kabla ya fundi kuja: “Mama fulani, tunataka kuwafungia watoto mchezo uani. Njoo usimame hapa juu utazame, na ukiona kwako kunaonekana, tutahamisha.” Maneno hayo huzuia ugomvi wa miaka.

Mavazi nayo yana habari yake. Roda haijui kanga na nywele. Ncha ya mtandio inayopepea, shela, ukosi mrefu wa dera, kamba ya kofia ya koti, mkufu, vyote hivyo vikiingia katika gurudumu linalozunguka huvuta shingo kabla mtoto hajaita. Mabinti wavae suruali pana na kanzu fupi juu yake, na hijabu iliyoshonwa ya kuvaa moja kwa moja, ncha zake zikiwa zimetiwa ndani ya nguo. Pini zisiwepo. Nywele za msichana mdogo zisukwe au zifungwe nyuma. Kofia ngumu ivaliwe wakati wa kuteleza, na mtoto akishuka aivue kabla ya kupanda mti au ngazi, kwani mkanda wa kidevuni hunasa kwenye matawi na kumning'iniza.

Usimamizi wa mchezo ni wa mtu mzima mmoja aliyekaa uani, si dada wa kazi anayechungulia kutoka jikoni huku nazi inapikwa. Mtoto mmoja kwa kiti kimoja. Anayefuata asipande jukwaani mpaka aliyetangulia ameshuka na kuondoka njiani. Kamba ya kurudishia kiti isiachwe ikining'inia na kitanzi. Kitanzi kilichoachwa uani ni mtego. Adhana ya magharibi ikikaribia, mchezo ukome: ni wakati ambao wazee wetu tangu hapo walituita tuingie ndani, na ni wakati ambao macho hayapimi vizuri umbali. Kiti na kapi vivuliwe kwenye waya na kufungiwa stoo, ufunguo ukae kwa mama. Waya mtupu humchosha mtoto mtundu. Waya wenye kiti humwita akiwa peke yake saa nane ya mchana nyumba ikiwa imelala.

Watoto wa jirani watakuja, hilo halina shaka, siku ya kwanza wawili, siku ya tatu kumi. Mwenye ua ndiye mwenye amana. Mzazi wa kila mtoto aulizwe na akubali kwa kinywa chake, na mwenye ua asione haya kumwambia mtoto wa mwenzake, “Mwanangu, leo mchezo umefungwa,” pale idadi inapozidi macho yaliyopo.

Na ikitokea ajali, mkono uliovimba au kupinda usikandwe. Tunasema hivi kwa sababu desturi ya kukanda ina nguvu kwetu, na mkandaji huwa karibu kuliko hospitali. Mfupa uliovunjika ukikandwa huweza kuchoma mishipa. Mkono wa mtoto ufungwe kwenye ubao mwepesi kama ulivyo na apelekwe akapigwe picha. Aliyeanguka kwa kichwa au mgongo, akilalamika shingo au miguu kufa ganzi, asiinuliwe wala asikalishwe apewe maji. Aachwe palepale alipo, kichwa kishikiliwe kisigeuke, na msaada uitwe. Aliyegonga kichwa kisha akatapika, akasinzia kusiko kawaida au akasema maneno yasiyoeleweka, aende hospitali usiku huohuo.

Msimu wa kufunga ni baada ya mvua, ardhi ikiwa imetulia. Masika yanapokaribia na kusi ikaanza kuvuma, waya ulegezwe kabisa au uteremshwe, kwa kuwa udongo uliolowa huilegeza mizizi na mti unaovutwa na waya huku unasukumwa na upepo unabeba mizigo miwili. Uzongwe, ufutwe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, utiwe guniani pahali pakavu. Mvua zikipita, kazi ya nyundo, futi na gunia la mchanga inaanza upya tangu mwanzo, hata kama mti ni uleule na fundi ni yuleyule.